Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nilipokuwa mtoto nilidhani kwamba methali hii humsifu mgeni. Niliona kana kwamba mwenyeji ndiye mgonjwa, na mgeni ndiye mganga wake. Mwezi wa Desemba mwaka 2012 nilisafiri kutoka Arusha kwenda Nairobi nikiwa na fikira hiyo moyoni, nikarudi nayo ikiwa imevunjika. Nataka kueleza jinsi ilivyovunjika, kwa kuwa vijana wengi husafiri kwa nia njema kama ile tuliyokuwa nayo sisi. Na nia njema ni kama moto, hupika chakula na pia huunguza nyumba.

Tulikuwa vijana kumi na wanne wa kanisa moja, wengi wetu wa kidato cha nne. Ilipotangazwa kwamba kanisa rafiki la Nairobi litapokea vijana wa kujitolea kwa majuma mawili, juma la kwanza Kibera na la pili Kawangware, niliinua mkono kabla ya tangazo kwisha. Kwa muda wa miezi mitatu tulichanga fedha. Tuliuza maandazi baada ya ibada, tukaosha magari, na wazazi wakaongeza walichoweza. Tuliazimia kupiga lipu na kupaka rangi darasa moja la shule ndogo iliyoko Kibera, wakati wanafunzi wako likizoni. Hapakuwa na hata mmoja wetu aliyewahi kushika mwiko wa mwashi.

Tulivuka mpaka Namanga. Siku zile ofisi za mpakani zilikuwa mbili, moja kila upande, kwa maana kituo cha pamoja kilikuja kufunguliwa rasmi mwaka 2018. Baina ya ofisi ya kwanza na ya pili tulitembea kwa miguu huku tukiimba, na mimi nilijiona kama Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844. Sikukumbuka wakati ule kwamba Krapf alikaa miaka na wenyeji akijifunza lugha yao, hata akatoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850. Mimi nilikuwa na siku kumi na nne na brashi mbili za rangi.

Ndani ya basi mmoja wetu alitusomea karatasi iliyosema kwamba Kibera ina watu milioni moja, na kwamba hawana kitu. Baadaye nilijua kwamba sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilihesabu pale watu 170,070. Sisemi hivyo kupunguza shida ya mahali pale, maana shida nimeiona kwa macho yangu. Nyumba za udongo na mabati zimebanana, mitaro ya maji machafu hupita mlangoni mwa watu, na maji ya kunywa hununuliwa kwa mtungi. Lakini nimejifunza kwamba huruma hupenda hesabu kubwa, na kwamba mtu anayehurumiwa kwa jumla ni vigumu kuonekana mmoja mmoja.

Siku ya kwanza wenyeji wetu walitupeleka Makina kumsalimu bibi mmoja Mnubi. Tulimwamkia, "Shikamoo, bibi," naye akaitikia "Marahaba" kwa kicheko, akasema kwamba salamu ile haisikii mara nyingi kwa vijana wa Nairobi. Alitueleza kwamba jina la Kibera limetokana na neno la Kinubi, kibra, maana yake msitu. Wazee wake walikuwa askari kutoka Sudani waliotumika katika jeshi la Waingereza, wakapewa kukaa katika msitu ule mwanzoni mwa karne ya 20, bila hati ya ardhi. Watu wa makabila mengine walifika baadaye, wakitafuta kazi za mjini. "Ninyi mmekuja kuona mtaa wa maskini," alisema bibi, "lakini mimi hapa ni kwetu." Miaka mitano baadaye, mwaka 2017, serikali iliwapa Wanubi hati ya ekari 288. Nilipoisikia habari hiyo nilimkumbuka yeye. Siku ile, walakini, maneno yake yalinipita kama upepo, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kwenda kutenda wema.

Kesho yake tulianza kazi. Kuta za darasa lile zilikuwa za mawe matupu. Tulichanganya saruji na mchanga kwa kukisia, tukaupaka ukuta kama mtu apakavyo siagi mkate, tukicheka na kupigana picha. Karibu na saa nne mwanamume mmoja alisimama langoni. Alikuwa na mfuko wa turubai begani, na nilipotazama niliona mpini wa mwiko umechomoza. Aliniuliza kwa adabu, "Kijana, hapa kuna kazi?"

Nami nikajibu kwa majivuno ambayo hata leo yananitia haya, "Hapana, mzee. Kazi hii tunaifanya sisi, na tunaifanya bure."

Alinitazama kidogo. Kisha akasema, "Bure. Haya, Mungu awabariki." Hakuondoka upesi. Aliketi juu ya jiwe nje ya lango, akatutazama kwa muda wa saa nzima, kisha akaenda zake. Nilidhani kwamba alikuwa akitustaajabia.

Siku ya tatu lipu ilianza kupasuka. Nyufa nyembamba zilitambaa ukutani kama mizizi, na penye kona kipande chenye upana wa sinia kilianguka chenyewe. Mwalimu mkuu alikuja, akatazama, akanyamaza. Alikuwa mtu mpole, nasi tulikuwa wageni wake. Hakutaka kutuaibisha. Aliondoka, akarudi na yule mwanamume wa mfuko wa turubai.

Fundi hakutukemea. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatuambia tusikilize. Mahali pengine palilia kama gome la mti mkavu. "Hapa lipu haijashika," alisema. Akachukua mchanga wetu, akausugua kiganjani, akatuonyesha udongo uliobaki. "Mchanga huu ni mchafu. Tena, hamkuulowesha ukuta kabla ya kupaka. Jiwe kavu lina kiu. Limenyonya maji yote ya saruji. Na mlipomaliza hamkuimwagilia lipu. Saruji hukomaa kwa maji. Inataka kunyweshwa kwa siku kadhaa, kama mche." Kisha akaweka timazi, na hata sisi tusiojua tuliona kwamba ukuta wetu umefanya tumbo.

Jambo lililonichoma zaidi nililisikia jioni kutoka kwa mwalimu mkuu, nami nilimwuliza mwenyewe, hakulitangaza. Kamati ya shule ilikuwa imeweka akiba kidogo kwa ajili ya darasa lile, na fundi yule ndiye aliyekuwa apewe kazi. Mtoto wake alisoma pale pale, naye alikuwa anadaiwa karo ya muhula uliopita. Walikubaliana kwamba sehemu ya ujira ikatwe kulipa deni. Barua yetu ilipofika, ya kusema kwamba tutafanya kazi bila malipo, kamati ilifurahi, ikatumia akiba ile kununua madawati. Nani angekataa cha bure? Basi ile "bure" niliyoitamka kwa majivuno ilikuwa imelipwa. Tuliilipisha nyumba moja isiyokuwa na kitu cha kulipa.

Usiku ule tulikaa katika ukumbi wa kanisa, hakuna aliyeimba. Wengine walisema kwamba hatuna kosa kwa kuwa hatukujua. Wengine walisema kwamba turudi nyumbani. Ndipo msichana mmoja wa kundi letu, ambaye kwa desturi alikuwa mkimya, akatukumbusha habari ya Msamaria mwema. Alisema, "Sisi hukumbuka kwamba alimfunga jeraha yule aliyepigwa na wanyang'anyi. Tunasahau kwamba alipomfikisha kwenye nyumba ya wageni, alimlipa mwenye nyumba ili amtunze, akaahidi kwamba akirudi atalipa na kilichozidi. Hakumwambia mwenye nyumba aondoke ili yeye afanye kazi yake."

Nimesikia mahubiri mengi juu ya habari hiyo, kabla ya siku ile na baada yake, lakini hakuna lililonikaa kama maneno yale. Tulihesabu fedha zetu. Tulikuwa tumeweka kando fungu la kwenda kutazama wanyama katika mbuga ya Nairobi na kununua zawadi za nyumbani. Mjadala ulikuwa mrefu, nami sitaficha kwamba nilikuwa miongoni mwa waliosita, maana nilikuwa nimewaahidi wadogo zangu picha za simba. Mwishowe tulikubaliana. Asubuhi tulimwendea fundi, tukamwomba radhi, tukamwomba afanye kazi kwa ujira wake wa kawaida, na sisi tuwe vibarua wake.

Alifikiri kidogo, kisha akauliza, "Mtachekecha mchanga?"

"Tutachekecha."

"Mtabeba maji?"

"Tutabeba."

"Basi tuanze kwa kubomoa."

Tulibomoa kazi yetu wenyewe kwa nyundo, na hiyo ilikuwa ibada ya toba kuliko nyingine yoyote niliyoihudhuria. Kwa siku tatu tulichekecha mchanga, tukabeba mitungi ya lita 20 kutoka mahali pa kuuzia maji. Ndipo nilipojua kwa nini fundi hamwagi hata tone: kila mtungi una bei, na mabega ya mtu ndiyo gari lake. Juma lilipokwisha ukuta ulisimama wima, na rangi tuliipaka baadaye, tukirudi kutoka Kawangware, lipu ilipokuwa imekomaa. Deni la karo lilipungua; halikwisha. Sitaki msomaji afikiri kwamba tulimwokoa mtu. Tulirudisha sehemu ya kile tulichokuwa tumekichukua.

Juma la pili tulikwenda Kawangware, magharibi ya mji, kupita barabara ya Ngong. Mtaa ule unapakana na Lavington, penye nyumba za kifahari na miti mirefu. Kila asubuhi watu wengi hutoka Kawangware kwa miguu kwenda kutafuta kibarua upande wa pili: wanaume kulima bustani, wanawake kufua nguo. Tulikuwa na mipango yetu hapa pia, imeandikwa vizuri kwenye karatasi. Safari hii kiongozi wetu aliikunja, akaitia mfukoni. Alipokutana na kina mama wa kanisa aliwauliza swali moja tu: "Ni kazi gani hapa ambayo hakuna mtu wa kuifanya, na ambayo tukiifanya hatutamnyima mtu riziki yake?"

Walinong'onezana. Kisha mmoja akasema, "Ninyi Watanzania Kiswahili chenu ni kizuri. Watoto wetu hushindwa na insha." Siku hizo watoto wa darasa la nane nchini Kenya walifanya mtihani wa KCPE, uliokoma mwaka 2023, na insha ya Kiswahili ilikuwa sehemu yake. Mama zao walikuwa vibaruani tangu alfajiri, na likizoni watoto walishinda njiani.

Basi tulikaa nao chini ya paa la mabati, tukasoma hadithi kwa sauti, tukaandika insha na kuzisahihisha. Nao walitufundisha Sheng', na walitucheka sana tulipoita mtungi "dumu" na matatu "daladala". Kijana mmoja aliandika insha juu ya mama yake anayengoja kando ya njia kuitwa kufua nguo, na wakati mwingine asiitwe. Nilisahihisha upatanisho wa sarufi kwa kalamu nyekundu, kisha nikaiweka kalamu chini, kwa kuwa nilimkumbuka mtu aliyeketi juu ya jiwe nje ya lango.

Siku ya kuondoka tulimwaga fundi. Hakutusifu wala hakutulaumu. Alisema, "Mkirudi, niulizeni kwanza." Kisha akanipa mkono wake, nao ulikuwa mgumu kama ukuta wake.

Vijana wenzangu, siwaambii msiende. Dunia ingekuwa jangwa kama kila mtu angekaa nyumbani akiogopa kukosea. Nawaambia kwamba mtu anayekwenda kusaidia ana wajibu wa kuuliza maswali kabla ya kufunga mzigo wake. Nani huifanya kazi hii kila siku? Nikiifanya mimi, yeye atakula nini? Wenyeji wameiomba, au nimeipenda mimi? Maswali haya hayahitaji fedha wala hati ya kusafiria. Yanahitaji kuketi na kusikiliza, jambo ambalo kwa kijana mwenye bidii ni gumu kuliko kubeba saruji.

Siku hizi nikiisikia methali ile ya wageni na wenyeji, hukumbuka kwamba hata sisi tulikuwa na ugonjwa tuliouvusha Namanga bila kuujua. Aliyetutibu alikuwa mwenyeji, kwa kifundo cha kidole alichogongea ukuta.