Kwanza Upepo Utoke, Halafu Hesabu

Shule za Uganda zilipofungwa Machi 2020, sisi vijana wakimbizi wa Busia na wenzetu wa Tororo tulifikiri ni mambo ya mwezi mmoja tu. Kumbe wadogo zetu wa madarasa ya chini watakaa nyumbani hadi tarehe 10 Januari 2022! Wazazi walikuwa sokoni wakitafuta chakula, kwa hiyo walimu tukawa sisi.

Na tulikuwa walimu wakali, tuseme ukweli. Redio ilifundisha kwa Kiingereza, watoto waliotoka Kongo wakashika nusu yake. Mtoto akikosa jibu tunampigia kelele, akilia tunamwambia nyamaza, andika.

Januari 2021 watoto wa Kenya walirudi shuleni. Hapa kwetu, Kenya ni kuvuka barabara tu. Mdogo wetu mmoja wa miaka tisa aliwaona na sare zao, akarudi nyumbani akachana daftari lote. Tukamfokea. Akaingia chini ya kitanda, akakaa huko mpaka usiku.

Mama yake ndiye aliyemtoa, polepole, bila kuuliza habari ya daftari. Mtoto akasema, "Yaya, mbona hamufungi mizigo?" Kule kwao shule ilifungwa, siku chache baadaye watu wakakimbia. Karibu mwaka mzima alikuwa anangoja tukimbie tena, na sisi tunamdai jedwali la saba.

Tangu siku ile tulibadilisha mambo. Mtoto akipandisha hasira, kitabu kinafungwa kwanza. Tunakaa chini, tuwe sawa naye kwa urefu. Tunacheza "tairi": anavuta hewa kama tairi la boda linalojazwa kwa fundi, halafu anaitoa taratibu, sssss, mpaka tairi liishe upepo. Mara tano. Anakunywa maji. Halafu anatuambia kwa lugha yake anasikia nini: woga, hasira au njaa. Mara nyingi ilikuwa njaa.

Lakini tairi halifanyi kazi kama anayefundisha mwenyewe anatetemeka kwa hasira. Tulijifunza kutoka nje, tupumue sisi kwanza, mwingine ashike zamu. Maana na sisi tulikimbia. Honi ya lori usiku hapa mpakani inatushtua hata sisi wakubwa.

Tulianza pia kuwaambia watoto kila asubuhi: leo tuko hapa, tutasoma, tutakula, tutalala hapa hapa. Maneno madogo, lakini yule mdogo wetu alikuwa akiyangoja kabla ya kushika kalamu.

Ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, asanteni kwa vitabu na madaftari, tunavihitaji sana. Tunaomba tu mkija muulize na swali moja zaidi: huyu mtoto analala vizuri usiku? Na wewe kijana mwenzetu unayefundisha wadogo zako leo, daftari likichanwa, usianze na daftari.