Tutunze Nyaya, Tutunze Sadaka



Ibada ikiisha, mara nyingi tunaobaki ni sisi. Tunafagia, tunakunja vitambaa vya madhabahu, na siku hizi tunakusanya pia nyaya za vipaza sauti. Wengine huiona kazi ndogo. Lakini waya mbovu huweza kumnyima mtu neno lake. Kwetu, mjane mmoja alisimama kumshukuru Mungu baada ya ugonjwa mrefu. Sauti ilikatika mara tatu, akaketi kabla hajamaliza. Fundi alipoufungua waya, alikuta uzi wa ndani umekatika karibu na plagi.

Waya wa kipaza sauti kwa kawaida una nyuzi mbili nyembamba, na kuzizunguka kuna wavu wa shaba unaozuia mivumo. Tukiuzungushia kiganjani na kiwikoni, kama wengi wafanyavyo, kila mzunguko huusokota upande uleule. Mwisho wake nyuzi huchoka na kukatika.

Basi tufanye hivi. Tushike ncha moja kwa mkono wa kushoto. Duara la kwanza tulilaze kama kawaida, upana wake kama sentimita 30. La pili tuligeuze kwa vidole, ili waya uliobaki upite kwa chini yake. La tatu juu, la nne chini, hivyo hivyo hadi mwisho. Msokoto wa duara moja hufutwa na duara linalofuata, na siku ya kutumia waya hunyooka wenyewe. Ncha isipite katikati ya maduara, itafanya mafundo. Tufunge kwa utepe wa kanga chakavu, kisha tutundike mahali pakavu. Wakati wa kuchomoa, tushike plagi, tusivute waya.

Nyumbani nako tuwe macho. Waya mrefu wa umeme ukitumika kwa pasi au jiko, ufunguliwe wote. Ukibaki umeviringwa hupata joto, na moto huweza kuanzia hapo. Uliochubuka usitumike kabisa. Mikono ya watoto haichagui.

Nyaya za kanisa zilinunuliwa kwa maandazi tuliyokaanga alfajiri na kwa sadaka za wenye kidogo. Tuwafundishe wana wetu, wa kiume kwa wa kike, kuzikunja kwa subira. Aliye mwaminifu katika dogo hili, atakabidhiwa na makubwa.