Mfupa Ambao Haujaunga

Katika Walawi 13 kuhani amepewa kazi ambayo sisi wachungaji hatuihubiri sana: kuangalia. Anaangalia ngozi ya mtu, na asipokuwa na hakika haombwi kutoa neno la imani. Anamtenga siku saba, kisha anaangalia tena. Sura hiyo tuliisoma upya chuoni kwetu mwaka jana kwa sababu ya mgongo wa mwalimu mwenzetu.

Pingili zake tatu za kiuno zilikazwa kwa skrubu na vyuma, na kati yake ukawekwa mfupa uliochukuliwa kwenye nyonga yake mwenyewe. Baada ya miezi mitatu alikuwa anatembea bila fimbo. Usharika ukataka ibada ya shukrani. Daktari akasema tusubiri, karibu mwaka mzima, mpaka apigwe picha ya CT.

Baadhi ya wanafunzi wetu waliona huko ni kumjaribu Mungu. Mtu si anatembea? Lakini vyuma vinaweza kumsimamisha mtu hata kama mfupa haujaunga. Kazi ya vyuma ni kushikilia kwa muda tu. Mfupa wa kupandikiza nao si gundi: mwili huula kidogo kidogo na kujenga mfupa mpya mahali pake, na usipofanikiwa, vyuma hulegea au hukatika baadaye. Eksirei ya kawaida hulaza vivuli vyote juu ya karatasi moja. CT hukata picha vipande vyembamba, vingine visivyofika milimita moja, ili daktari atazame kwa mbele na kwa ubavuni na kuuliza jambo moja: je, mfupa umevuka kutoka pingili hii hadi ile bila kukatika? Hutafuta pia weusi kuzunguka skrubu, maana huo ni dalili ya kulegea. Hata hivyo chuma chenyewe hutupa michirizi kwenye picha, kwa hiyo msomaji anahitaji utulivu. (Hesabu za kipimo hiki Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kuziwazia akiwa Cape Town mwaka 1956; alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Godfrey Hounsfield mwaka 1979. Tunawakumbusha wanafunzi wanaodhani kila mashine ilifikiriwa mbali na Afrika.)

Majibu yalikuja nusu. Juu, mfupa umevuka. Chini, mstari mweusi umepita katikati yake. Skrubu hazijalegea, na maumivu ni machache, kwa hiyo daktari hakutaka kumpasua tena. Wapo ambao mfupa wao haukuunga na hawaumwi, na wapo walioungwa vizuri na bado wanaumwa. Aliagiza waangalie tena baadaye.

Mbuzi wa shukrani alikwisha kununuliwa. Mzee mmoja wa kanisa, mtu tunayemheshimu, alisema ushuhuda wa nusu unaliaibisha kanisa: ama ashukuru kikamilifu, ama anyamaze. Tulibishana naye jioni nzima. Sisi tuliona kwamba kanisa linalopokea shuhuda kamili tu linawafundisha wagonjwa kudanganya madhabahuni. Tomaso alipotaka kuona majeraha, Bwana hakumfukuza. Na Paulo aliomba mara tatu, akabaki na mwiba wake, wala hakuuficha kwa Wakorintho. Mzee hakukubali, ila alikuja ibadani.

Jumapili ile mwenzetu alisimama, akashika kiti kwa mkono mmoja, akasema yote mawili: pale palipounga anamshukuru Mungu, na pale ambapo bado anaomba aombewe. Kwaya ilichelewa kidogo kuanza, kama watu wasiojua waimbe wimbo gani. Wengine walipiga makofi, wengine hawakupiga.

Baada ya ibada mama mmoja alimfuata nyuma ya kanisa. Alimwuliza kwa sauti ya chini, “Baba Mchungaji, na mimi naweza kuombewa tena? Ni ule ugonjwa nilioutolea ushuhuda miaka miwili iliyopita.”