Ua la Mwambani

Nilipokuwa mtoto, maji ya nyumbani kwetu karibu na Amani, Usambara Mashariki, tuliyateka kwenye kijito chini ya mwamba uliolowa mwaka mzima. Kwenye nyufa zake yalijishika maua madogo ya urujuani, yenye njano katikati na majani yenye manyoya kama sikio la mwanambuzi. Bibi hakuniruhusu kuyachuma. "Liache, mjukuu wangu, hapo ndipo kwake."

Nilipenda kumtazama nyuki wa porini. Ua hili halina maji matamu ya kumpa. Lina chavua tu, iliyofungiwa katika vifuko vya njano. Nyuki hulikumbatia akavuma kwa nguvu hadi ua zima litetemeke, chavua ikamwagika. Mlio ule ninao masikioni hadi leo.

Ukubwani ndipo nilipojua kwamba mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani mbegu za ua hili. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mtaalamu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akalipa jina Saintpaulia ionantha. Leo limejaa vyunguni, madirishani mwa watu Ulaya na Marekani, kwa rangi ambazo mwamba wetu haukuwahi kuzivaa.

Kwetu ilikuja iliki. Inapenda kivuli, basi watu walifyeka miti midogo tu, wakaiacha mikubwa. Baba alikuwa mmoja wao, na iliki ile ndiyo iliyonilipia karo, siwezi kumlaumu. Lakini udongo ulichoka baada ya miaka michache. Ikapandwa migomba, kisha mahindi, na miti mikubwa nayo ikaanguka mmoja mmoja. Jua likashuka mpaka kijitoni.

Hakuna aliyeling'oa ua lile. Nilirudi likizo moja ya kiangazi, nikaweka kiganja juu ya mwamba: ulikuwa wa moto. Nyufani mlibaki majani makavu, na nyuki sikumsikia.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997, na ndani yake bado ninayaona maua haya, kwenye miamba iliyofunikwa na miti. Mwamba wetu uko nje ya mpaka. Wewe mwenye shamba juu ya kijito, nakuomba: miti ya ukingoni usiikate.