Nyumba Zisizo na Wimbo

Kila Idi ilipokaribia, mimi na dada yangu tulikitoa kijiji chetu kapuni: nyumba ndogo za udongo, kisima, ng'ombe wawili na garimoshi lisilo na moshi. Udongo tuliuchota ukingoni mwa Mto Pangani, hapo Korogwe, na kazi zetu tukazichoma jikoni kwa mama. Kila mwaka iliongezeka nyumba moja. Mimi nilifinyanga, dada aliitungia kila nyumba mistari miwili, akaiimba tulipokuwa tukikipanga kijiji ukumbini.

Ukubwani nilisoma kitabu cha Hans Cory, kilichochapishwa London mwaka 1956, juu ya sanamu za udongo za jando na unyago Tanganyika, za Wazigua na Washambaa zikiwamo. Humo sanamu zimeandikwa pamoja na nyimbo zake, kwa kuwa mafunzo yamo wimboni. Udongo ni ukumbusho tu.

Nilikiweka kitabu chini, nikalia. Dada ametangulia mbele ya haki. Nyumba 11 ninazo, zote nzima. Nimefasiri maneno ya washairi wengi. Ya dada sikuandika hata mstari mmoja.