Kutoka Poto hadi Poto: Safari Fupi na Mzee wa Kolwezi

Mtu anayetokea Lubumbashi kwa barabara anajua amekaribia Kolwezi mbele hajaona nyumba. Anaona vilima virefu ambavyo watu wenyewe wamevirundika: mawe yaliyotolewa chini tangu mji ulipoanzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya shaba. Wakati wa kiangazi malori yanapita, na vumbi linatua juu ya miembe, juu ya nguo zilizoanikwa, hata ndani ya sahani.

Lakini safari ninayowaeleza leo ni fupi. Ni kutoka nyumba ya mzee mmoja, huku Manika, mpaka kanisa letu. Kijana anaimaliza kwa dakika kumi.

Mzee huyu alitoboa mwamba chini ya ardhi miaka mingi. Vumbi la mwamba mara nyingi lina silika. Chembe zake ni ndogo sana. Zikifika ndani kabisa ya mapafu zinaacha makovu, na mapafu yanakuwa magumu. Makovu hayo hayana dawa ya kuyaondoa. Vijana wanaochimba kwa mikono leo, mkumbuke hilo.

Siku moja nilimkuta amesimama njiani, mkono juu ya ukuta, anatafuta pumzi. Nikamwambia kwa huruma: “Baba, usijisumbue tena. Kaa nyumbani, sisi tutakuja kwako.” Akatii. Baada ya miezi michache, hata kwenda msalani kulimtoa jasho. Akaniambia: “Pasta, miye siko na uvivu. Pumuzi njo inaisha. Na sasa miguu nayo inaisha.”

Hapo nikajua nimemkosea. Muuguzi wa kituo cha afya alinifundisha. Kuna kipimo cha mapafu: mgonjwa anapuliza kwa nguvu ndani ya mashine, nayo inaonyesha hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza na hewa yote. Kuna kipimo kingine cha mtu mzima: anatembea dakika 6 mahali palipo sawa, halafu wanahesabu mita. Vipimo hivi havisemi neno moja. Watu wawili wenye mapafu mabovu sawasawa wanaweza kupitana mbali kwa kutembea. Kwa nini? Msuli uliokaa bure unalegea, na msuli mlegevu unataka hewa nyingi zaidi kwa kazi ileile. Mgonjwa anaogopa, anakaa. Akikaa, anazidi kudhoofika.

Kule Kampala, Hospitali ya Mulago, watu waliopona kifua kikuu lakini wakabaki na mapafu yenye makovu walifanyishwa mazoezi wiki 6, mara mbili kwa wiki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: walitembea mbali kuliko mwanzo. Mazoezi hayaleti mapafu mapya. Yanatengeneza miguu na moyo ili hewa kidogo iliyopo itoshe.

Basi tulianza. Siku ya kwanza tulifika poto ya pili ya umeme, tukarudi. Tulitoka asubuhi mapema, mbele malori hayajaamsha vumbi. Mzee alivuta hewa kwa pua, akaitoa polepole kwa midomo iliyobanwa, kama mtu anayepoza uji. Kipimo chetu kilikuwa hiki: uweze kusema, lakini usiweze kuimba. Akichoka, tunasimama, tunaongea, tunaendelea. Kila wiki tuliongeza kidogo.

Lakini angalieni. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apimwe kwanza kifua kikuu. Mwenye kukohoa damu, maumivu ya kifua, midomo inayogeuka rangi ya bluu au miguu iliyovimba aende hospitalini, asianze matembezi kwa shauri la jirani. Nyumbani, mbabula ya makala ipikiwe nje, na tumbako iachwe.

Mwezi wa tatu mzee alifika kanisani kwa miguu yake. Alisimama mara nne njiani. Mapafu yake ni yaleyale, na sikukuu hiyo hakuna aliyemwonea huruma. Tulimpa kiti tu.

Ninyi vijana, katika kila mtaa wetu kuna baba kama huyu amekaa nyuma ya mlango. Msimwambie apumzike tu. Muulizeni muuguzi, halafu mpigieni hodi asubuhi, mumsindikize mpaka poto ya pili.