Matairi ya Theluji Kwenye Barabara ya Laela

Naandika haya nikimfikiria mtu nisiyemjua. Amenunua gari lake la kwanza, la mitumba kutoka Japani, linang'aa, na mjini linakwenda vizuri. Akitoka nalo kwenye lami ndefu na kufika mwendo wa themanini, usukani unaanza kutetemeka mikononi mwake, na bado hajamwambia mtu. Mimi nilikuwa huyo. Niliyoyafanya baada ya hapo yaliwaumiza watu, nami nimesamehewa kuliko nilivyostahili.

Gari nililinunua Dar es Salaam mwaka 2019. Mimi ni mfanyabiashara wa mahindi na maharage hapa Sumbawanga, na kwa miaka mingi nilisafiri kwa mabasi na kwa kuomba lifti kwenye malori ya mizigo. Kwa hiyo siku ile nilikuwa na furaha iliyonifumba macho. Niliangalia rangi, nikasikiliza redio, nikaomba wawashe kiyoyozi. Matairi yalikuwa na kashata nene, meusi, yamepakwa dawa ya kung'arisha. Nikajiambia nimepata gari lenye matairi mapya.

Nilimkodi dereva wa kulileta, mtu wa makamo, mpole. Tulipita Morogoro na Iringa bila neno. Baada ya Makambako, kwenye ile nyoofu ya kutoka Igawa kwenda Chimala ambako kila dereva huongeza mwendo, yeye akapunguza. Akasema, "Bosi, gari hili linaelea. Na usukani unapiga. Tusimame Mbeya, fundi ayaangalie matairi." Nikaona anatafuta hela. Nilishasikia habari za madereva wanaogawana malipo na mafundi, na sikujiuliza kama huyu ni mmoja wao. Nikamwambia aendeshe. Mbeya akarudia, kwa sauti ya chini. Sikumjibu. Tulipofika Sumbawanga nilimkata sehemu ya malipo yake kwa madai kwamba alichelewesha safari makusudi. Akaipokea ile iliyobaki, akaihesabu, akaniaga kwa heshima, akaenda stendi.

Ndani ya mji wa Sumbawanga gari halikuwa na shida yoyote, maana hakuna mahali pa kufikisha themanini. Shida ilianza nilipolipeleka barabara ya Laela, iendayo Tunduma. Vijana huenda hawaikumbuki barabara hiyo ilivyokuwa. Kutoka Tunduma hadi hapa ni zaidi ya kilomita 200, na zamani zote zilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Lami ilikuja kwa fedha za Wamarekani, za Shirika la Changamoto za Milenia (MCC), kwa mkataba uliosainiwa mwaka 2008, wakati Rais Bush alipokuja kumtembelea Rais Kikwete. Safari iliyokuwa ikimaliza siku nzima ikawa ya saa chache. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba lami hiyo ilituletea pia ugonjwa wa gari tusioujua. Kwenye vumbi barabara yenyewe ilitikisa kila kitu, na hakuna aliyekwenda kasi. Hukuweza kutofautisha mtikisiko wa njia na wa usukani. Kwenye lami gari lilinyamaza hadi sabini, likaanza kutetemeka themanini, na tisini likawa linakwenda upande bila kuambiwa.

Fundi wa kwanza aliongeza upepo, akasema liko sawa. Nikajaribu tena, likatetemeka. Hapo ndipo moyo wangu ulipogeuka upande mbaya. Kitu kisichoonekana mjini, kisichoonekana kwa fundi, kinachonijia nikiwa peke yangu njiani: nikasema hiki si cha kawaida. Kuna mtu.

Mtu huyo nilimpata haraka, kwa sababu nilikuwa namtafuta. Kaka yangu mkubwa anaishi kijijini upande wa Mpui, analima kwa maksai kwenye shamba alilotuachia baba. Tulikuwa na mvutano wa mipaka ya shamba hilo. Siku nilipolipeleka gari kijijini watu wote walilishika na kulisifia, yeye alisimama mbali kidogo, mikono nyuma. Jambo hilo tu. Nikalichukua nikalikuza mpaka likawa ushahidi.

Siku moja tumekaa kwa mama baada ya misa, majirani wapo, nikamtamkia. Nilisema ananiharibia gari kwa wivu, na nikamtaja kwa lile neno, mchawi. Msomaji wa huku kwetu Ufipa anajua uzito wake. Mtu akishaitwa hivyo hadharani, watoto wake hutazamwa vingine, mke wake hukosa wa kuchota naye maji, na wapo waliopoteza nyumba na hata uhai kwa neno la namna hiyo. Mimi nililijua hilo tangu utoto, nikalisema. Kaka alinitazama kwa muda. Akasema, "Mdogo wangu, mimi gari hata kuliwasha sijui." Akainuka akaenda kufungulia ng'ombe. Mama hakula siku ile.

Nilikwenda mbali zaidi. Nilishuka bonde la Rukwa kwa mganga, nikarudi na dawa iliyofungwa kwenye kitambaa cheusi, nikaining'iniza chini ya usukani. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimepokea komunyo. Sikuona kinachogongana hapo. Gari likaendelea kutetemeka, nami nikazidi kuamini kwamba adui yangu ana nguvu.

Agosti, mama aliugua nikaenda kumchukua nimlete hospitali mjini. Tukiwa njiani aliniomba tugeuke kwanza twende Laela, kwa dada yake. Wanaoujua uwanda wetu wanajua upepo wa miezi ile. Tuko juu sana, miti ni michache, mashamba yamekwisha kuvunwa, upepo wa baridi unakatiza barabara bila kizuizi. Nilikuwa karibu na tisini. Lori lenye tela likaja mbele yetu, na lilipotupita ule upepo wake ukaungana na ule wa uwandani. Gari likasogea kushoto. Nikalirudisha, halikurudi. Nikazidisha, likarudi lote kwa mara moja, likayumba, tukashuka tuta hadi kwenye shamba la ulezi lililokwisha kuvunwa. Halikupinduka. Gurudumu la mbele la kushoto likabaki linaning'inia juu ya mfereji. Mama aliumia bega. Alikuwa akiita jina la Mama Maria, na kati ya kuita huko akaita jina la kaka yangu.

Lori jingine la mizigo lilisimama. Dereva wake, mzee mwenye koti la sufu, alimpa kwanza mama maji, halafu akachuchumaa kwenye lile gurudumu linaloning'inia. Akalishika kwa mikono miwili, kushoto na kulia, akalisukuma na kulivuta. Likagonga: ko, ko, ko. Akaniita. "Shika mwenyewe." Nikashika, nikasikia ule mgongano ndani ya viganja vyangu, ule uleule uliokuwa ukinijia kwenye usukani kwa miezi. "Tairodi imekwisha," akasema, yaani chuma kinachounganisha usukani na gurudumu. Kisha akafuta vumbi ubavuni mwa tairi kwa kiganja. Kulikuwa na neno lililoandikwa kwa herufi za kunyanyuka: STUDLESS. "Hizi ni tairi za theluji, kaka. Mpira wake laini, wa kushika barafu. Kwenye lami ya joto unajipinda, ndiyo maana gari linaelea." Akatelezesha kidole mpaka kwenye kiduara chenye tarakimu nne: 3611. Wiki ya thelathini na sita, mwaka 2011. Tairi nililoliita jipya lilikuwa na miaka minane.

Alipoinama ndani kuzima swichi alikiona kitambaa cheusi. Alikitazama, akanitazama. Hakuniuliza chochote. Alisema tu, "Hiyo itoe, isije ikanasa mguu wako kwenye breki." Nikaitoa. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuona, nikiwa nimesimama shambani na kitambaa mkononi, mama yangu amekaa chini anatetemeka kwa baridi.

Mama alikuwa amekwisha kumpigia kaka simu. Alikuja jioni na maksai wake wanne na mnyororo wa jembe, mwendo mrefu kutoka kijijini. Alivua koti lake akamfunika mama. Nilitaka kusema kitu, akanikabidhi ncha ya mnyororo, akasema, "Funga pale wanapokuelekeza." Utingo wa lori alinionyesha ndoano iliyoko chini ya gari, mbele, maana ukifunga kwenye bampa unaling'oa. Kaka akasimama kando ya ng'ombe wake, akawasemesha Kifipa taratibu kama anavyowasemesha shambani. Wakainamisha vichwa, mnyororo ukakaza, gari likapanda tuta. Mtu niliyemwita mchawi wa gari langu ndiye aliyelitoa kwenye mfereji. Hakunikumbusha. Sikustahili hata kuja kwake.

Ningependa kusema niliomba radhi usiku uleule. Sikuomba. Nilikuwa tayari kununua matairi kabla sijawa tayari kusema neno moja. Nilimpelekea kaka sukari, nikampelekea mbolea, nikawalipia watoto wake vifaa vya shule, vyote ili nisitamke. Alivipokea, akashukuru, na kila nikiondoka nilijua bado. Mwishowe nilikwenda kuungama. Padri alinisikiliza, akaniambia kwamba nilitamka mbele ya watu, kwa hiyo nikatamke mbele ya watu. Nilikaa na maneno hayo muda mrefu, nikitafuta njia ya kuyakwepa. Kisha nikaenda kwa mama, Jumapili, majirani wakiwepo, nikasema nilidanganya juu ya kaka yangu na kwamba kilichokuwa kikitikisa gari ni chuma kilicholegea na mpira wa nchi ya baridi. Kaka alinipa mkono. Shemeji hakunipa. Ilipita muda mrefu kabla hajajibu salamu yangu kwa ukamilifu, na sikumlaumu. Waliosengenya kisimani walimsengenya yeye, si mimi. Mpaka leo kuna nyumba moja kijijini ambayo watoto wake hawatumwi kwa kaka. Neno langu bado linafanya kazi huko.

Gari lilitengenezwa. Niliyojifunza gereji nitayasema, kwa kuwa huenda wewe unayesoma unayahitaji leo. Kuhusu yale matairi, nilisoma kwamba Wajapani walipiga marufuku matairi ya misumari mwaka 1990 kwa sababu yalichimba barabara na kujaza miji vumbi, wakahamia hayo ya mpira laini. Magari ya mikoa ya theluji, kama Hokkaido, yanaweza kuja kwetu nayo yakiwa miguuni. Hayana kosa kwao. Kwetu hayafai. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko kinachosema saizi ya tairi na upepo wake, upimwe tairi likiwa limepoa; mimi nilikipita kila siku bila kukisoma. Fundi alikwangua ndani ya rimu akatoa udongo mwekundu uliokauka, kipande kikubwa kama kiganja, umeganda upande mmoja. Alinieleza kwamba uzito mdogo wa upande mmoja hauonekani gari likienda polepole, lakini mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kurusha gurudumu inaongezeka mara nne. Ndiyo sababu arobaini ilinificha na themanini ikaniumbua. Akapima balansi, akabandika vipande vidogo vya risasi kwenye rimu, akabadilisha tairodi endi, akanyoosha magurudumu. Nilipolijaribu kuelekea Kaengesa usukani ulitulia kabisa mkononi. Nilisimama pembeni nikalia.

Kama usukani wako unatetemeka, usiende peke yako na wasiwasi huo. Inua gari, shika gurudumu, mwite mtu anayejua. Na kama kuna jina la mtu linakujia akilini unapoendesha, usilitamke. Tafadhali usilitamke.

Nilibakiza deni moja, la yule dereva niliyemkata malipo. Kumpata kulichukua muda, kupitia madereva wenzake. Nilimpigia simu, nikamweleza yote, kuanzia Igawa mpaka mfereji, nikamwomba msamaha na nambari ya kumtumia pesa yake. Alinyamaza kidogo. Akasema amesamehe tangu zamani, maana bosi mpya wa gari hasikii. Halafu akauliza, "Tairodi endi ulibadilisha zote mbili?" Nikamwambia ya kushoto tu, ndiyo iliyokuwa imekwisha. "Zilitembea pamoja hizo, mzee. Ya kulia haiko mbali." Asubuhi yake nilirudi gereji, tukainua upande wa kulia, nikalishika gurudumu mwenyewe. Lilikuwa limeanza kucheza.